Toleo la Sitini: Wabengali na Vitabu Vyao vya Shule

(Hotuba kwa walimu, wafasiri na wachapishaji, Dar es Salaam, Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama)

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, ndugu wafasiri na wachapishaji, na nyinyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, asanteni kwa kunialika na asanteni kwa kuja.

Leo ni tarehe 21 Februari. Kila mwaka siku hii ikifika tunasimuliana habari ya vijana wa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh ya leo, waliopigwa risasi mwaka 1952 wakidai lugha yao. Wanastahili kukumbukwa, na mimi nitawataja kwa majina. Lakini mara nyingi tunaanzia kwenye risasi na kuishia hapo hapo. Leo naomba turudi nyuma, tuangalie kizazi kile kilisoma nini. Walioanzisha maandamano walikuwa wanafunzi. Walifundishwa herufi kwa Kibengali, wakasoma hadithi, hesabu na jiografia kwa Kibengali, katika aina ya vitabu iliyokwisha kuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja, vilivyoandikwa, vikasahihishwa na kurudishwa mitamboni tena na tena. Naamini kwamba bila vitabu hivyo madai ya 1952 yangekuwa na hasira tu, bila kitu cha kuonyesha. Na naamini kwamba pale ambapo kazi ya vitabu ililegea baadaye, haki waliyoipata kwa damu nayo imelegea. Hayo mawili ndiyo niliyokuja kuyasema.

Kibengali ni lugha mama ya watu zaidi ya milioni 200. Wengi wako Bangladesh na katika jimbo la Bengali Magharibi nchini India, na wengine wako Tripura na Assam. Lugha hii ina ushairi wa karne nyingi. Mtu akisikia hivyo hudhani vitabu vya shule vilijiotea vyenyewe. Sivyo. Nathari ya kufundishia ilichelewa mno, na mwanzo wake ni wa ajabu.

Kitabu cha kwanza cha Kibengali kupita mtamboni kilichapwa Lisbon mwaka 1743, kwa herufi za Kirumi, na mtawa wa Kireno. Herufi za Kibengali zenyewe zilianza kusubuliwa kwa ajili ya kitabu kizima mwaka 1778 mjini Hooghly, kwa sarufi ya Mwingereza Nathaniel Brassey Halhed. Aliyezitengeneza ni Charles Wilkins pamoja na mhunzi Mbengali, Panchanan Karmakar. Naomba mlishike jina la huyo mhunzi, maana vitabu vya historia huwa na haraka ya kumpita.

Kisha mwaka 1800 Waingereza wakafungua Chuo cha Fort William, Kolkata, ili kuwafundisha maofisa vijana wa Kampuni ya Uhindi wa Mashariki lugha za nchi waliyokwenda kuitawala. Mmisionari William Carey alipokabidhiwa somo la Kibengali mwaka 1801 alikuta hakuna kitabu cha nathari cha kusomeshea. Akawapa kazi wanazuoni wa Kibengali waliokuwa naye. Ramram Basu akatoa mwaka huo huo kitabu cha maisha ya Raja Pratapaditya, kimejaa Kiajemi. Mrityunjay Vidyalankar akafuata na vyake, akiegemea Kisanskriti. Angalieni basi jambo lenyewe: vitabu vya mwanzo vya kiada katika nathari ya Kibengali viliandikwa na Wabengali kwa ajili ya vijana wa Kiingereza. Mtoto wa Kibengali hakuwamo hata kwenye mawazo. Na inaonekana ukivitazama. Mwandishi anamwandikia ofisa anayejifunza lugha akiwa mtu mzima, kwa hiyo hana haja ya kujiuliza mtoto wa miaka mitano atashika nini kwanza na nini baadaye.

Mwaka 1817 ikaundwa Jumuiya ya Vitabu vya Shule ya Kolkata, Waingereza na Wabengali wakikaa meza moja, wakatoa vitabu vya hesabu, jiografia na kusoma visivyofungamana na dini. Kazi ilianza vizuri. Lakini mwaka 1835 serikali ya kikoloni, kwa ushauri wa Thomas Macaulay, ikaamua fedha zake za elimu ziende kwenye Kiingereza. Tangu hapo kijana aliyetaka kazi ya mshahara mzuri alijua njia inapita wapi. Walimu wa hapa hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ndipo anapotokea mtu ambaye leo nimekuja kwa ajili yake hasa. Ishwar Chandra Vidyasagar alizaliwa mwaka 1820 katika kijiji cha Birsingha, katika familia maskini. Alifanya kazi Fort William, baadaye akawa mkuu wa Chuo cha Kisanskriti cha Kolkata, kisha serikali ikamwongezea kazi ya kukagua shule za wilayani. Akafungua shule za vijijini, zikiwamo za wasichana wakati ambapo jambo hilo lilimletea matusi. Mwaka 1847 yeye na rafiki yake Madan Mohan Tarkalankar walikuwa wameshaanzisha kiwanda chao cha uchapaji. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa mwalimu, mkaguzi, mwandishi, mchapaji na muuzaji wa vitabu. Akiona kosa darasani, hakuwa na wa kumwandikia barua. Alikwenda mtamboni kwake mwenyewe akalirekebisha.

Mwaka 1855 akatoa vitabu viwili vidogo vyenye jina moja, Barnaparichay, yaani utambulisho wa herufi. Cha kwanza ni kwa mtoto asiyejua kitu, cha pili ni kwa mtoto anayeanza herufi zilizoungana, ambazo kwa Kibengali ni nyingi na ngumu. Nataka tuvitazame kwa karibu kidogo, maana ubora wake umo kwenye mambo madogo.

Alianza na safu ya herufi yenyewe. Safu aliyoirithi ilikuwa ya Kisanskriti. Ndani yake mlikuwa na irabu mbili ndefu ambazo hakuna Mbengali aliyezitumia katika kuzungumza wala kuandika lugha yake, akaziondoa. Alama mbili zilizopangwa pamoja na irabu, akaona mahali pake ni kwa konsonanti, akazihamisha. Herufi moja iliyohesabiwa kuwa herufi kamili ilikuwa kwa kweli ni mbili zilizoungana. Akaipeleka kwa wenzake. Na sauti ambazo kila Mbengali anazitamka kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini hazikuwa na nafasi yake kwenye safu, akazipa nafasi. Akabaki na irabu 12 na konsonanti 40. Hapo mtoto hajasoma neno hata moja, lakini tayari ameshapunguziwa mzigo na mtu aliyekaa akafikiri.

Baada ya herufi yanakuja maneno ya herufi mbili, kisha tatu, yote bila alama ya irabu. Halafu alama moja ya irabu, na maneno ya alama hiyo tu. Halafu nyingine. Ndipo zinakuja sentensi fupi fupi za maneno mawili: maji yanaanguka, majani yanatikisika. Rabindranath Tagore alipoandika kumbukumbu za utoto wake, akiwa mshairi anayejulikana nchi nzima, alisema sentensi hizo za maji na majani ndizo zilizokuwa shairi la kwanza maishani mwake. Mwandishi wa kitabu cha herufi alitaka kufundisha kusoma tu. Lakini alichagua maneno yenye mdundo, na mtoto mmoja akausikia.

Mwishoni mwa kitabu cha kwanza wamo Gopal na Rakhal. Gopal ni mtoto mwema, anakula anachopewa na kuvaa anachopewa. Rakhal ni mtundu na hasomi. Kitabu cha pili kinamalizika na hadithi ya Bhuban, aliyeiba kitabu cha mwenzake shuleni, na mama mdogo aliyemlea hakumkaripia. Akakua mwizi, akahukumiwa kunyongwa, na saa ya mwisho akaomba amnong'oneze mama mdogo wake. Akamng'ata sikio. Hadithi ya zamani ya Ulaya hiyo, lakini ikisomwa kwa Kibengali kila mtu ni wa kijijini. Tagore huyo huyo, katika hotuba yake ya mwaka 1895, alisema kwamba Vidyasagar mwenyewe alipokuwa mdogo alifanana zaidi na Rakhal kuliko Gopal, na kwamba Bengali ina watoto watiifu wa kutosha. Nakubaliana naye. Kitabu hiki kina utiifu mwingi kuliko ninavyopenda mimi, na wasichana ndani yake ni vigumu kuwaona.

Sasa jambo lililonifanya nichague kichwa cha hotuba hii. Barnaparichay ya kwanza ilipofika toleo la 60, miaka 20 hivi baada ya lile la mwanzo, Vidyasagar aliandika tangazo jipya kwa walimu. Anasema karibu kila mahali ameona watoto wakiulizwa herufi ya kwanza na ya pili, badala ya kuitaja sauti yenyewe, wanasema "a ya irabu", "aa ya irabu". Anawaomba walimu wasiwafundishe hivyo. Mtoto aseme "a", aseme "aa", basi. Fikirieni hali hiyo. Mtu ana umri wa miaka 55, jina lake liko nchi nzima, kitabu kinauzwa chenyewe. Angeweza kukiacha. Bado anasikiliza jinsi mtoto wa darasa la kwanza anavyoitaja herufi, haridhiki, na anarudi kwenye kitabu. Mimi nikiulizwa kitabu cha kiada ni nini, nitawaonyesha tangazo hilo la toleo la 60.

Vidyasagar alikuwa mfasiri pia, na sehemu kubwa ya alichoandika kwa shule ilitoka lugha nyingine. Kitabu chake cha mwaka 1847, kilichoandikwa kwa ajili ya Fort William, kilitoka Kihindi. Kutoka Kisanskriti alichukua habari za Shakuntala na za Sita. Kutoka Kiingereza alichukua maisha ya wanasayansi na ngano za Aesop. Mwaka 1869 akaichukua tamthilia ya Shakespeare ya pacha wanaochanganywa, akaigeuza kuwa hadithi ya nathari, wahusika wakaitwa Chiranjib na Kinkar, na miji ya Shakespeare ikapewa majina ya huko India. Miaka 100 baadaye, mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi. Mwalimu aliuacha mji wa Venisi mahali pake na kuifuata tamthilia mstari kwa mstari; Vidyasagar aliuhamisha mji wote. Njia ni mbili na zote ni halali, ila msomaji ni tofauti. Mwalimu alitaka kuonyesha Kiswahili kinaweza kubeba ushairi wa Shakespeare. Vidyasagar alitaka kijana asome kurasa mia bila kuchoka. Mfasiri asiyejua lipi kati ya hayo analitaka huishia katikati, na huko katikati ndiko zinakolala tafsiri nyingi za shule ambazo hakuna anayezifungua.

Kwa upande wa sayansi alikuwapo Akshay Kumar Datta, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1820. Alifundisha shuleni, aliandika kitabu cha jiografia kwa sababu darasa lake halikuwa nacho, na mwaka 1856 akatoa kitabu cha fizikia. Istilahi alizibuni akiwa njiani. Nyingine zilishika, nyingine hazikushika. Wasomi wa Kibengali waliwahi kuiita oksijeni kwa jina la kwao, amlajan, na hidrojeni udajan. Leo kitabu cha shule cha Dhaka au Kolkata kinaandika tu oksijeni kwa tahajia yake. Lakini umeme una jina la Kibengali na mvutano wa dunia una jina la Kibengali, na hakuna mtoto anayeshangaa. Nalisema hili kwa sababu hapa kwetu naona tunatumia jioni nyingi kugombania istilahi kabla kitabu hakijaandikwa. Wao waliandika kitabu, wakakisomesha, na mitihani ya miaka mingi ikachuja yenyewe. Kamati zilikuja baadaye sana: katikati ya miaka ya 1930 Chuo Kikuu cha Kolkata kilipounda kamati ya tahajia, kilimpa kuongoza Rajshekhar Basu, mkemia aliyekuwa pia mtunzi wa kamusi, na kamati ikakuta kazi ya kupanga, maana maneno yalikwisha kuwa mengi.

Tagore nitamtaja kwa ufupi, ingawa anastahili siku nzima. Mwaka 1892 aliandika makala kali akilalamika kwamba mtoto wa Kibengali anafundishwa kwa lugha ambayo hana maisha ndani yake. Mwaka 1901 akafungua shule Santiniketan. Baada ya karibu miaka 30 ya kuwa na watoto ndipo alipotoa, mwaka 1930, kitabu chake cha kusoma cha Sahaj Path, chenye picha za kuchonga za Nandalal Bose, nyeusi na nyeupe: mtumbwi, mtende, mtu na mzigo wake. Bado kiko mikononi mwa watoto wa Bengali Magharibi. Mwaka 1937 alihutubia mahafali ya Chuo Kikuu cha Kolkata kwa Kibengali, jambo lililokuwa halijapata kutokea, na mwaka huo huo, akiwa na miaka 76, akatoa kitabu cha sayansi cha kuwaelezea watu wa kawaida atomu, nyota na jua. Alikitunuku kwa Satyendra Nath Bose, mwanafizikia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dhaka, yule ambaye Einstein mwenyewe alikaa akaitafsiri makala yake kwa Kijerumani mwaka 1924 ili ichapwe. Bose naye mwaka 1948 akaanzisha Kolkata chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, na jarida lake la kila mwezi. Mtu ambaye jina lake limo katika fizikia ya dunia nzima aliona si kazi ndogo kuhariri makala za wanafunzi wa sekondari.

Mwaka 1937 huo huo kilitoka kitabu kingine ambacho si cha kiada, lakini siwezi kukiacha nikiwa Afrika Mashariki. Bibhutibhushan Bandyopadhyay aliandika Chander Pahar, hadithi ya kijana wa kijiji cha Bengali anayepata kazi katika reli ya Uganda, akakutana na simba na nyoka wa nyika zetu kabla hajaenda kutafuta almasi kusini. Mwandishi hakuwahi kufika Afrika. Vizazi vya watoto wa Kibengali wameijua Mombasa kwa kitabu hicho. Kina makosa yake juu yetu, na Waafrika ndani yake hawapewi nafasi ya kutosha. Lakini kinaonyesha jambo moja juu ya elimu: kitabu cha kiada kilichofundisha kusoma kilikuta vitabu vya kusoma vinamngoja mtoto nje ya darasa. Bila hivyo, kusoma kunabaki kuwa jambo la mtihani.

Basi sasa tufike Dhaka. Mwaka 1947 India iligawanywa, na Bengali ya mashariki, ndiyo Bangladesh ya leo, ikawa sehemu ya Pakistan. Wasemaji wa Kibengali walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote wa nchi hiyo mpya. Machi 1948 Muhammad Ali Jinnah alikwenda Dhaka akatangaza kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu, Kiurdu peke yake. Likafuata shinikizo jingine ambalo halisimuliwi sana: serikali ya kati ilitaka Kibengali kiandikwe kwa herufi za Kiarabu. Sisi wa pwani herufi hizo ni zetu. Tenzi zetu kubwa ziliandikwa nazo. Kwa hiyo ubaya haukuwa katika herufi. Ubaya ni kwamba kila kitabu cha shule kilichokuwapo, kuanzia kitabu cha herufi hadi cha fizikia, kingekuwa bubu mbele ya mtoto wa kizazi kinachofuata. Sisi tunajua hasara hiyo kwa upande wa pili. Shule za kikoloni zilipotuhamishia kwenye herufi za Kirumi, wajukuu walikaa na miswada ya babu zao masandukuni wasiweze kuisoma. Mtaalamu wa lugha Muhammad Shahidullah, Mwislamu mcha Mungu aliyekijua Kiarabu vizuri, alisimama kuitetea lugha yake na maandishi yake.

Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi walivunja amri ya kutokusanyika, karibu na Chuo cha Tiba cha Dhaka, na polisi wakafyatua risasi. Abul Barkat, Rafiquddin Ahmed, Abdul Jabbar na Abdus Salam ni miongoni mwa waliopoteza maisha. Kesho yake Shafiur Rahman. Mwaka 1956 katiba ya Pakistan ilikubali Kibengali. Na tusisahau kwamba upande wa India pia watu 11 waliuawa Silchar, Assam, tarehe 19 Mei 1961, kwa lugha hiyo hiyo. UNESCO iliitangaza siku hii mwaka 1999 kwa pendekezo lililoletwa na Bangladesh.

Nilisema pale ambapo vitabu vililegea, haki nayo imelegea. Hapa ndipo penyewe.

Bangla Academy, taasisi ya lugha ya Kibengali, ilianzishwa Dhaka mwaka 1955 kama tunda la moja kwa moja la 1952. Mwaka 1963 ikaundwa bodi maalumu ya kuendeleza Kibengali, kazi yake kubwa ikiwa kutoa vitabu vya vyuo vikuu. Mwaka 1972, baada ya uhuru wa Bangladesh, bodi hiyo ikaunganishwa na Bangla Academy. Vitabu vilitoka: kemia, uchumi, sheria, hisabati ya juu, vingine vimetungwa na vingine vimetafsiriwa, na walioviandika walikuwa wahadhiri wanaojua wanachofundisha. Bengali Magharibi nao wakaunda bodi yao ya vitabu vya chuo. Mwaka 1987 Bangladesh ikapitisha sheria ya kutumia Kibengali katika shughuli zote za serikali.

Pamoja na hayo yote, mwanafunzi wa udaktari au uhandisi wa Dhaka leo anasoma kwa Kiingereza. Vingi katika vitabu vile vilichapwa mara moja, vikaisha au vikabaki stoo, na sayansi ikasonga mbele bila vyenyewe. Kitabu cha biolojia cha mwaka 1975 hakimsaidii mtu ikiwa hakuna aliyekigusa tangu 1975. Mhadhiri aliyetafsiri alistaafu. Hakukuwa na mtu wa toleo la pili, wala la tatu, na kwa toleo la 60 tusitaje. Kazi nyingi za mshahara mzuri zikabaki zinadai Kiingereza, na mzazi akafuata kazi, kama alivyofuata mwaka 1835. Sheria ipo, siku ya taifa ipo, mnara wa mashahidi upo na umejaa maua leo asubuhi. Kitabu cha mwaka wa pili wa udaktari hakipo.

Shule za msingi na sekondari ni habari nyingine, na hapo nawavulia kofia. Tangu mwaka 2010 serikali ya Bangladesh imekuwa ikigawa bure vitabu vya shule hadi sekondari, na kwa miaka mingi tarehe 1 Januari imekuwa sikukuu ya vitabu: watoto wanakwenda shule bila kitu wanarudi na kitita kipya kifuani. Kwa mwaka mmoja vinachapwa zaidi ya milioni 300. Matatizo yapo. Karatasi mbaya, wachapaji kuchelewa, na serikali zinapobadilika ukurasa wa historia nao unabadilika, jambo ambalo si haki kwa mtoto hata kidogo. Lakini kila mwaka kitabu kinapita mtamboni upya, na kosa la mwaka jana lina nafasi ya kusahihishwa.

Na kuna deni walilolichelewesha. Nchi iliyomwaga damu kwa lugha mama ina watoto ambao Kibengali si lugha yao. Ilipofika mwaka 2017 ndipo watoto wa awali wa Kichakma, Kimarma, Kitripura, Kigaro na Kisadri walipopata vitabu vya serikali kwa lugha zao. Miaka 65 baada ya 1952. Hata hapo shule nyingi zilipokea vitabu bila mwalimu aliyefunzwa kuvisomesha, wengine hata hawaijui herufi iliyotumika. Kitabu kikaletwa kwa heshima na kikakaa kabatini.

Sasa sisi. Mtoto wa Tanzania anasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha anavuka kuingia Kiingereza. Sitaki kuanza mjadala huo asubuhi hii, mmeshausikia. Ninachotaka kuuliza ni cha fundi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi ya miaka mingi, kazi ya heshima. Ni walimu wangapi wa sekondari humu ndani wanayo mezani? Nayaona mikono ni michache. Na bado kila mwalimu wa fizikia aliyeko hapa, akifika kwenye kani au mkondo wa umeme na akaona macho ya wanafunzi yamepotea, anaeleza kwa Kiswahili. Anaeleza vizuri, kwa mifano ya mtaani kwake, kengele inalia, na maelezo yanafutwa na ubao.

Maelezo hayo ndiyo malighafi aliyokuwa nayo Akshay Kumar Datta. Ninawaomba muyaandike. Haihitajiki muswada, yatosha somo moja, kurasa mbili, jinsi mlivyolieleza siku lilipoeleweka. Na nyinyi walimu wa msingi, mnaotumia vitabu vya Kiswahili kila siku, mnajua ukurasa gani watoto wanaukwamia kila mwaka bila kukosa. Uandikeni ukurasa huo, na watoto wanasemaje wanapokwama, kwa maneno yao hasa.

Kwenu wachapishaji ombi langu ni moja, na nimelisema kwenye vikao vidogo kabla ya leo. Mnapotia saini mkataba wa kitabu cha kiada au cha tafsiri, andikeni ndani yake lini kitarudi kwa mhariri, nani atakwenda darasani kukisikiliza kikisomwa, na nani atamlipa kwa kazi hiyo. Wafasiri nao wasikubali mkataba usio na kifungu hicho. Najua fedha ni ngumu. Lakini fedha za chapa ya kwanza hupatikana, kwa sababu kuna uzinduzi na kuna picha za magazeti. Za chapa ya pili ndizo hazina mwenyewe, na huko ndiko kitabu kinakofia.

Nimeongea na mwenyekiti, na ameridhia kwamba kurasa zenu zipokelewe hapa hapa, kwenye meza ya usajili, kuanzia leo hadi shule zitakapofungwa. Mtakaoandika kwa mkono, andikeni kwa mkono. Tutazichapa sisi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.